Marehemu Mizani na Maji Yaliyomo Ndani ya Sabuni

"Nipeni mche wowote wa sabuni. Nikikosea uzito wake hata kwa gramu kumi, nisugueni nao mbele ya mama mkwe wangu."

Maneno hayo marehemu aliyasema Jumamosi ya tarehe 8 Juni 2002, kwenye kipaza sauti cha kukodi, mbele ya watu wapatao mia nne waliokusanyika langoni kwa kiwanda cha sabuni alichokitumikia miaka thelathini na minne. Mama mkwe alikuwepo, safu ya pili, na walioketi karibu naye wanasema alisogeza kiti nyuma. Marehemu akapewa mche. Akafumba macho, akaupakata kama mtoto mchanga, akasema mia nane na tano. Ukawekwa kwenye mizani. Mia nane na tano. Hakusuguliwa siku hiyo wala siku nyingine, maana hakukosea kamwe. Kutokukosea huko ndiko kulikomponza, na ndiko kulikoufanya wasifu huu upite dakika ulizopangiwa kwenye ratiba.

Humu ataitwa Mizani. Hata mkewe hakumwita vingine, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina la kwenye cheti alikuwa anageuka nyuma kutazama anaitwa nani.

Mizani alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, wa tatu kati ya watoto sita, katika chumba kilichopakana ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Baba yake aliiendesha mashine hiyo, mali ya mtu mwingine. Mama yake aliuza maharage kwa kopo. Nyumba ile ilivijua vipimo kwa undani: kopo lililobonyezwa kitako, debe lenye ubao ndani, na kidole gumba cha muuzaji kinachopumzika kwenye sahani ya mizani kana kwamba kimechoka kutembea. Mtoto aliyelelewa humo ama angekuwa mwizi ama mkaguzi. Mizani hakuwa na miguu ya kukimbia, akawa mkaguzi.

Mwaka 1967 mdogo wake wa mwisho alizaliwa zahanati. Mkunga akamweka kwenye mizani, akatangaza kilo tatu na robo, watu wakashukuru. Mizani, wa miaka tisa, akaomba kwa adabu mtoto aondolewe kidogo ili aione ikiwa tupu. Mkunga akacheka, akamwondoa. Mshale ukasimama kwenye robo. Dada huyo yupo hapa leo, na mpaka sasa akitaniwa juu ya mwili wake hujibu kwamba kuna robo kilo alipunjwa siku ya kwanza, anaifidia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972. Ripoti yake ya darasa la sita, ambayo mama yake aliitunza ndani ya kopo la biskuti, imeandikwa hivi: "Ana akili ya hesabu. Hamwamini mwalimu." Alikuwa ameomba rula ya mwalimu ilinganishwe na ya fundi cherehani wa jirani, na ya mwalimu ikaonekana imekatika ncha. Mtihani wa mwisho aliufaulu. Aliyekwenda sekondari, hata hivyo, ni mtoto wa mwenye mashine, aliyeketi dawati la nyuma yake na kunakili kwa bidii, hata makosa. Mizani hakulia. Alisema tu kwamba mshale wa mizani hiyo nao haukuanzia sifuri.

Tarehe 3 Februari 1977 aliajiriwa kiwandani kufagia vipande. Baada ya miaka miwili akapandishwa kwenye meza ya kukatia. Kwa wasioijua kazi ile: sabuni hupikwa kwenye masufuria makubwa kuliko chumba, humwagwa kwenye visanduku ipoe, kisha bonge lake husukumwa kwenye fremu yenye nyaya, likatoka upande wa pili likiwa miche. Mche ukishakatwa ulipelekwa chumba cha pili, ukapangwa kwenye chanja za mbao kwa wiki sita, madirisha wazi pande zote, ndipo ukafungwa karatasi. Karatasi iliandikwa gramu mia nane. Ila mche ulipotoka kwenye waya, mkono wa Mizani ulisoma mia tisa, kila siku, kila mche.

Sasa hapa lazima familia ikiri jambo la aibu. Mtu huyu aliyemshuku mkunga, mwalimu na padri aliyehubiri muda mrefu kuliko alivyoahidi, jambo moja aliliamini bila kuuliza. Aliamini gramu mia zile ni zawadi. Alidhani chanja ni za kuipa sabuni ugumu, na kwamba kiwanda, kwa ukarimu wake, kinampa kila mteja gramu mia moja bila kusema. Alijivuna nayo mtaani. Akinunua nyama alimwambia mchinjaji, sisi kwetu tunaongeza, nyinyi mnapunguza.

Ndivyo alivyompata mke. Juni 1985 aliingia kwenye duka dogo kununua kiberiti, akaona miche ya kiwandani kwao juu ya kaunta, mkono ukamwasha. Akanyanyua mmoja. Mia nane. Akanyanyua wa pili. Mia nane. Nyuma ya kaunta alikuwa msichana mwenye kisu, maana wateja wengi hununua kipande, si mche mzima.

"Dada," akasema Mizani, "gramu mia za kila mche umezikwangua ukazipeleka wapi?"

Msichana akaweka kisu chini, jambo ambalo mashahidi wanalihesabu kuwa huruma. "Kaka, wewe unafanya kazi wapi?"

"Kiwandani. Naikata mwenyewe."

"Unaikata mbichi," akasema msichana. "Na hujui kama sabuni inakauka? Basi ninyi huko mnakata nini, mkate?"

Mizani hakuamini, kama kawaida. Akaleta mche uliotoka kwenye waya siku hiyohiyo, akauweka kwenye rafu ya msichana, akaandika tarehe juu yake kwa msumari. Kila Jumamosi alikuja kuupima kwa mizani ya duka, baada ya kuithibitisha ikiwa tupu. Wiki ya kwanza mia nane themanini na mbili. Wiki ya tatu mia nane thelathini. Wiki ya sita mia nane kamili. Zile gramu mia hazikuwa ukarimu wa mtu. Yalikuwa maji, na yameondoka zake kupitia dirishani. Jumamosi ya saba hapakuwa na cha kupima, lakini alikuja. Jumamosi ya nane msichana alikuwa ameshamwekea kigoda. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 20 Desemba 1986, na mche ule uko kwenye rafu hadi leo, umekuwa mgumu kama tofali. Mama Duka, kama alivyokuja kuitwa, hajapata kuuza kitu chenye thamani zaidi, kwa sababu hajakubali kuuuza.

Mungu aliwajalia binti mmoja, mwaka 1989. Mizani alimpima mwenyewe.

Mwaka 2001 kiwanda kilipata Mkurugenzi mpya, kijana mpole, mwenye shati lililokunjwa mikono, aliyesalimia hata mlinzi na kusubiri jibu. Alisema biashara isiyoijali jamii ni unyang'anyi wenye risiti. Akaanzisha Mfuko wa Jamii: kwa kila mche uliouzwa, sehemu ya faida inarudi mtaani. Likawekwa bomba la maji langoni, bure kwa wote, na kibao cha marumaru. Zikaja nafasi za ufadhili wa masomo. Ikaja Siku ya Jamii, kila Jumamosi ya pili ya Juni, na ndiko majigambo yale ya mbele ya mama mkwe yalikotoka. Mkurugenzi alicheka hadi akatoa machozi. Mwezi uliofuata karatasi ya sabuni ikatoka na mchoro wa mkono uliobeba mche, na chini yake: "Uzito wa Haki." Mkono ni wa Mizani. Kovu la waya kwenye kidole cha shahada lilichorwa sawasawa.

Binti yake akapata ufadhili wa chuo cha uuguzi. Mizani aliupokea kama alivyopokea kila kitu, akiugeuzageuza kutafuta mahali palipobonyezwa. Hakupapata. Binti alikuwa amefaulu, ada ililipwa kwa wakati, na Mkurugenzi alimkumbuka kwa jina. Mama Duka alimwambia, "Mizani, kuna watu wazuri duniani, usije ukafa hujakutana nao." Akajibu kwamba yuko tayari kukutana nao, ila waje na mizani tupu.

Mwaka 2009 chumba cha chanja kilibomolewa ukuta mmoja na kupakwa rangi, kikawa Ukumbi wa Jamii. Viti mia mbili, feni sita, bure kwa mikutano, harusi na misiba. Siku ya kufunguliwa watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana mtaa haukuwahi kuwa na ukumbi. Mmoja tu alitazama ukutani, ambako alama za chanja zilionekana bado chini ya rangi, akauliza sabuni sasa inalala wapi. Akaambiwa hailali. Inakatwa leo, inafungwa kesho. Nyaya zilikuwa zimesogezwa pia, kwa upana wa kucha. Mche ulitoka kwenye waya ukiwa na gramu mia nane, ukafungwa kwenye karatasi iliyoandikwa mia nane, na mkono wa Mizani ukausoma mia nane. Hapakuwa na uongo popote. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Alimwendea Meneja ofisini. Mazungumzo yao aliyasimulia nyumbani mara nyingi, bila kubadili neno.

"Mzee Mizani, mche ukiwa hapa kiwandani una mia nane au hauna?"

"Unazo."

"Sasa?"

"Nyumbani kwangu hauna."

"Nyumbani kwako si kiwandani, mzee wangu." Meneja akamkaribisha kiti, akamwagiza chai, na ilipofika akauliza kwa upole sana, "Na binti anaendeleaje? Kabakiza miaka mitatu, siyo?"

Pengine alikuwa anajulia hali tu. Watu hujuliana hali. Mizani aliinywa ile chai yote, na akasema baadaye kwamba ilikuwa na sukari nyingi kuliko aliyoomba.

Mwaka mzima alinyamaza, na Juni 2010 alipanda jukwaani kama kawaida, akasema mia nane, mshale ukasema mia nane, wakampigia makofi. Lakini mtaani mambo yalikuwa yameanza kunuka. Wateja si wajinga. Mwanamke anayefua nguo za watu kwa ujira anajua mche humaliza mashuka mangapi, na alipoona umeisha mashuka mawili kabla ya siku yake hakumtazama Mkurugenzi, ambaye yuko mbali na ana tabasamu. Alimtazama mwenye kisu. Foleni ikaanza kusema. Mwanzo kwa kicheko, halafu bila kicheko. Siku moja mteja aliyenunua kwake kwa miaka ishirini alisimama mbele ya kaunta, mche mkononi, akasoma ile karatasi kwa sauti, kisha akasema: "Mkono wa mume unapima, mkono wa mke unakwangua. Nyumba imepangika hii."

Mama Duka alifunga duka saa saba mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa mama yake mzazi. Alipofika nyumbani akamkuta mumewe, akamwambia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba neno alilomwambia yeye mwaka 1985 sasa mtaa mzima unamwambia. La pili, kwamba kwenye karatasi ya wanaomwambia kuna mkono wa mume wake.

Basi hapo ndipo alipokuwa amebanwa Mizani. Kushoto jina la mke, kulia mwaka wa mwisho wa mtoto, na yeye katikati kama mshale. Familia ilikaa. Binti alikuwa likizo. Mizani alimweleza yote, akamwuliza, maana gharama ilikuwa ya kwake. Binti akauliza kama kuna uhakika wataukata ufadhili. Baba akasema hana uhakika, ana chai tu. Binti akasema, "Baba, mimi nikimaliza nitakuwa napima watoto wa watu. Nipime nikiwa nimesomeshwa na nini?" Mama Duka akasema hajamtuma mtu yeyote kusema kitu chochote. Akaenda dukani, akarudi na mche aliokuwa ameupokea wiki sita kabla, karatasi haijafunguliwa, muhuri wa tarehe 28 Aprili. Akauweka mezani, akaenda kulala.

Jumamosi ya tarehe 11 Juni 2011, saa tano asubuhi, ndani ya Ukumbi wa Jamii, Mizani alipanda jukwaani akiwa amevaa koti siku ya joto. Wanaomfahamu walianza kukaa sawa. Akaomba mche wa tarehe 28 Aprili kutoka ghala ya kiwandani, ule uliofungwa kwa plastiki ya maonyesho tangu siku ulipokatwa. Wakampa. Akasema mia nane. Mshale ukasema mia nane. Makofi. Mkurugenzi akainuka kumpa mkono, na Mizani akautia mkono wake kwenye koti.

"Na huu," akasema, akiutoa mche wa pili, "mia saba na kumi."

Mshale ukasema mia saba na kumi. Kipaza sauti kikapata ugonjwa wa ghafla, ila ukumbi ule zamani ulijengwa ili upepo upite, na sauti nayo ilipita.

"Hawa ni mapacha," akasema. "Nimewakata mimi, siku moja, waya mmoja. Huyu amefungiwa hapa na nyinyi. Huyu amekaa rafuni kwa mke wangu, hajafunguliwa, tazameni muhuri. Hakuna aliyemkwangua. Kilichopungua ni maji. Zamani yalikuwa yanatokea humuhumu, kwenye madirisha haya. Sasa yanatokea nyumbani kwenu, mkiwa mmeshayalipia. Ya bomba la langoni mnapewa bure, makofi mmeshapiga. Haya ya ndani ya karatasi mnauziwa. Na mkono ulioko juu ya karatasi ni wangu, naomba nirudishiwe."

Mama mmoja mfuaji, safu ya tatu, aligeuka akamtazama Mama Duka, akampisha kwenye kiti chenye feni. Hiyo ndiyo ilikuwa radhi, na Mama Duka aliipokea kwa kukaa.

Mkurugenzi alimshukuru marehemu hadharani kwa uwazi wake, akasema kampuni inajifunza. Inawezekana alimaanisha, uso wake ulionekana umeumia kweli. Tarehe 30 Juni Mizani akastaafishwa kwa heshima, miaka miwili kabla ya wakati, kwa cheti chenye fremu. Ufadhili wa binti haukukatwa. Barua inasema ulielekezwa kwa mwombaji mwingine kufuatana na vigezo vipya. Chanja hazikurudi. Karatasi ya sabuni ilibadilishwa: mkono ukaondoka, likaja jani la kijani, na pale palipoandikwa "Uzito wa Haki" pakaandikwa, kwa herufi zinazohitaji miwani, "uzito wakati wa kufungwa." Mizani alipoiona aliisoma mara mbili, akasema hiyo sasa ni kweli tupu, haina hata tone la maji. Binti alisimama masomo miaka miwili, akauza dukani na mama yake, akarudi, akamaliza mwaka 2014. Ni muuguzi.

Agosti 2021 marehemu alianza kukohoa. Daktari alisema mapafu yamechoka, akauliza kama aliwahi kufanya kazi na ile soda kali ya kupikia sabuni. Alijibu kwamba alifanya kazi ya kukata, soda ilikuwa inapita tu kumsalimia. Kila alipopimwa kliniki aliomba mizani ioneshwe tupu kwanza. Kilo sabini na moja. Sitini na nne. Hamsini na nane. Wageni wakianza kulia aliwatuliza: "Nakauka tu jamani. Yanayotoka ni maji."

Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Mei 2023, wodi namba nne, kitanda cha kumi na moja, binti yake alimnyanyua ili abadilishe shuka. Akamwuliza, "Kiasi gani?" Binti akasema hamsini na moja. Mizani akafumba macho kidogo, akajipima mwenyewe kutoka ndani. "Hamsini," akasema. "Mkono wako bado una maji." Wakaleta mizani. Hamsini kamili. Alifariki siku hiyohiyo saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, na saa ya ukutani iliyotumika imethibitishwa na za watu wawili.

Kampuni imeleta shada na barua. Barua inaomba wasifu huu utaje kwamba kampuni ilitembea na marehemu katika safari yake yote. Familia imeipokea kwa shukrani, imeiweka rafuni pale dukani, itaitazama tena baada ya wiki sita.

Marehemu ameacha mjane, binti muuguzi, mkwe, wajukuu wawili waliopimwa, dada mwenye robo yake, ndugu wengine wawili, na wapwa, akiwemo mmoja ambaye diploma yake iko nusu na ambaye marehemu alikuwa akimwuliza kila Januari kama bado inakauka. Kaburi limepimwa na mafundi wawili wasiofahamiana, kama alivyoagiza, na vipimo vimelingana. Basi apumzike, hapa pekee hakuna aliyempunja.

Tangazo. Baada ya mazishi wageni wote wanakaribishwa nyumbani kwa chakula, na wanaombwa kunawa kwanza. Sabuni iko mlangoni, imetoka rafuni kwa Mama Duka, imekauka tangu Januari, ni bure. Maji yatachotwa kwenye bomba la jamii, langoni kwa kiwanda, chini ya kibao cha marumaru. Ndoo moja siku hizi ni shilingi ishirini.